South Adelaide 1964: kutoka mkiani mpaka ubingwa

Asanteni jamani, karibuni, waliosimama kule nyuma sogeeni viti bado vipo. Leo naongelea klabu ya South Adelaide na msimu wake mmoja tu, 1964, kwenye ligi ya soka la Kiaustralia ya jimbo la Australia Kusini, ile inayoitwa SANFL. Wakati huo hakukuwa na ligi ya taifa zima, kila jimbo lilikuwa na ligi yake na kwa watu wa Adelaide, mji mkuu wa jimbo hilo, hiyo ndiyo ilikuwa kila kitu.

Kwa wageni wa mchezo huu nieleze haraka. Uwanja ni wa duara refu, timu ina wachezaji 18 ndani, na kila upande una nguzo nne. Ukipiga mpira ukapita kati ya zile mbili ndefu za katikati ni goli, pointi 6, na refa wa goli anapepea bendera mbili. Ukipita pembeni, kati ya nguzo ndefu na fupi, unapata pointi 1 na bendera moja. Shikeni hapo maana tutahesabu.

Sasa South Adelaide. Mara ya mwisho kuchukua ubingwa ilikuwa 1938, na 1963 walimaliza mkiani kabisa, hakuna aliyekuwa chini yao. Na wakati huohuo wapinzani wao Port Adelaide walikuwa wanatisha, walibeba ubingwa mara sita mfululizo 1954 mpaka 1959, mitano ya kwanza chini ya kocha Fos Williams na wa 1959 chini ya Geof Motley, alafu tena 1962 na 1963 Williams akiwa amerudi. Yaani mmoja anakula kila mwaka, mwenzake anaosha vyombo.

1964 South wakamleta Neil Kerley awe nahodha na kocha kwa pamoja, mtu mgumu, mwenye mazoezi ya kutoa jasho kwelikweli, na tayari alishawapa West Adelaide, klabu nyingine ya ligi hiyo, ubingwa 1961 kwa mtindo huohuo wa kucheza huku anafundisha. Kocha wa namna hii hakwambii kimbia akiwa amekaa benchi, anakimbia mbele yako, na akigongwa unamuona anainuka, sasa wewe utalalaje pale chini?

Ila mimi nikisikia watu wanampa Kerley sifa zote moyo unakataa. Kuna David Kantilla. Kijana wa visiwa vya Tiwi, kaskazini ya mji wa Darwin, mzawa wa asili wa Australia, alikuja South 1961 timu ikiwa hoi, akawa mchezaji bora wa klabu mwaka huo na 1962 pia. Yeye ndiye yule mrefu wa kati, refa anaudundisha mpira chini unaruka juu, na wanaume wawili wanaruka kuugombea. Fikiria kazi hiyo kwenye timu inayofungwa kila wiki, unashinda mpira wako hewani alafu ukigeuka wenzako wameshaupoteza. Na hakuondoka. Kumbukeni pia ni kura ya maoni ya Australia ya 1967 ndiyo iliyofuta kile kipengele cha katiba kilichosema wazawa wasihesabiwe kwenye idadi ya watu. Kwahiyo Kantilla aliingia kucheza fainali ya 1964 miaka mitatu kabla ya hapo, hilo linaniuma kila nikilisema.

Fainali ilipigwa uwanja wa Adelaide Oval, South na Port. Matokeo yanaandikwa hivi, South 9.15, Port 5.12. Hesabuni na mimi: magoli 9 mara 6 ni 54, ongeza 15, 69. Port magoli 5 ni 30, ongeza 12, 42. Tofauti 27. Na angalieni, South walipata bendera mara 24, Port mara 17, hiyo sio bahati hata kidogo, walimiliki mchezo.

Port wakarudi kuchukua 1965. Kerley alikuja kuwapa klabu ya Glenelg ubingwa 1973 na West Adelaide tena 1983. South wao, ligi kuu, tangu siku ile ya Kantilla na Kerley mpaka leo hawajachukua tena.