Kombora Halina Masafa Mamoja

Mhadhara uliotolewa kwa vijana wa darasa la kompyuta, Tanga

Ndugu zangu, walionisikia mwaka jana watanivumilia, kwa sababu nimerudi na neno lile lile: anayejaribu kombora la masafa marefu katika programu ya kuigiza ndege za kivita, kisha akaniletea nambari moja ya masafa bila kutaja mwinuko, kasi na mwelekeo wa shabaha, hajaniletea kitu.

Kijana mmoja, ambaye leo yumo humu na amejificha nyuma ya nguzo, alinijia amefura kwa hasira, akidai kwamba toleo jipya la programu limeyaharibu makombora. Daftari lake lilionyesha kwamba zamani kombora liliifikia shabaha iliyokuwa kilomita 50, na sasa linaanguka njiani. Nikamuuliza alilirusha kutoka mwinuko gani. Akajibu, "Juu." Juu wapi, mwanangu? Hata nazi iko juu. Tulipozifungua rekodi zake tukakuta kwamba majaribio ya zamani aliyafanya kwenye mita 11,000 na haya mapya kwenye mita 3,000, ambako hewa ni nzito takriban mara 2.5 zaidi. Programu ililaumiwa wiki nzima kwa kosa la hewa!

Sisi watu wa Tanga, tuliokulia juu ya baiskeli, hatukupaswa kusubiri mhadhara ili tulielewe jambo hili. Mota ya roketi huwaka kwa sekunde chache, na sehemu kubwa ya safari iliyobaki kombora huserereka kwa kasi liliyokwisha kujipatia, kama mtu aliyeacha kukanyaga pedali. Mwacheni aserereke kuelekea Raskazone siku ya shwari, kisha arudie siku ambayo upepo unamvumia usoni: baiskeli ni ile ile na miguu ni ile ile, lakini mara ya pili atashuka aikokote. Tena kila kona anayokata humla kasi, na kombora nalo halikati kona bure. Shabaha nayo ina mchango wake, kwa kuwa ndege inayokuja kwa mita 300 kwa sekunde hulipunguzia kombora kilomita 18 katika dakika moja, na ikigeuka kukimbia, hulidai kilomita hizo hizo.

Kwa hiyo mtu anapojigamba kwamba Phoenix, lililokuwa kombora la ndege ya F-14 ya Marekani, hufika zaidi ya kilomita 180, ambao ni karibu umbali wa kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka, muulizeni kwanza: likirushwa kutoka wapi, na kwa nani?

Najua kuna atakayesema kwamba adui wa kweli haruki kwa mstari ulionyooka, hivyo shabaha tulivu ni jaribio la kitoto. Bwana wee, pale Ngamiani mizani hukaguliwa kwa jiwe lenye uzito unaojulikana, haikaguliwi kwa pweza anayejinyonganyonga. Kwanza ijulikane mizani ikoje, ndipo pweza apandishwe. Shabaha iende moja kwa moja, kwa mwinuko na kasi visivyobadilika. Jambo moja tu libadilishwe kila mara, na urushaji urudiwe mara kadhaa, kisha rekodi ikaguliwe sekunde kwa sekunde ili ionekane kasi ilianza kufa wapi. Kugonga au kukosa peke yake hakutoshi, kwa maana kombora linaweza kukosa likiwa na nguvu tele kwa sababu rada iliipoteza shabaha, na hilo ni tatizo jingine kabisa.

Nilikusudia kueleza pia jinsi kombora linavyopandishwa juu kwanza ili lisafiri katika hewa nyepesi, na jinsi mtandao unaochelewa unavyovuruga majaribio ya wachezaji wawili, lakini baiskeli imenimalizia muda. Itoshe kusema kwamba majaribio yafanyike kwenye kompyuta moja, bila mtandao.

Sasa tutarusha la kwanza kutoka mita 11,000 na la pili kutoka mita 3,000, mengine yote yakibaki vilevile. Aliye nyuma ya nguzo aje ashike usukani, na safari hii mwinuko auandike kabla ya kurusha.