Mukinduri uani: kivuli huanzia chini

Hamjambo nyote. Naona wengi mmesogeza viti mkavipanga ukutani, mkifuata kivuli chembamba cha paa. Jua la Februari halina huruma, na ndilo lililonileta hapa.

Mti ninaowaombea nafasi katika nyua zetu ni mukinduri, ambao wataalamu huuita Croton megalocarpus. Si mgeni Nairobi. Ingieni msitu wa Karura mtaukuta pamoja na miti mingine ya asili, mutamaiyo na muhugu, upepo ukipita majani yanageuka na kuonyesha tumbo la rangi ya fedha. Hukua haraka, matawi yake hutanda tabaka juu ya tabaka, na majani ni machungu, mbuzi hawayataki.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tunapoua miti mingi. Tukiambiwa mti fulani unastahimili ukame, tunadhani hata mche wake unastahimili. Hapana! Mti mkubwa huvumilia kwa sababu mizizi yake imeshafika kwenye unyevu wa chini. Mche bado haujafika huko. Kazi yetu ni kuufikisha.

Niliwahi kununua mche ulionizidi kimo, kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara. Kiangazi cha kwanza tu ukakauka. Nilipoung'oa, mzizi mkuu ulikuwa umejizungusha kama kamba, bado una umbo la ule mfuko uliooteshewa kitaluni. Haukuwa umeshuka hata shibiri moja. Niliumia sana. Tangu hapo nachukua mche mfupi wenye shina nene, nachana mfuko wote, na mzizi uliojikunja naukata kwa wembe kabla ya kufukia.

Mama pale mbele ameuliza kuhusu mgao wa maji. Mama, kikombe kimoja kila jioni ni hasara. Kinalowesha juu, na mizizi inabaki juu ikikingoja. Toboa tundu la msumari chini ya mtungi wa lita 20, uuweke kando ya shina, maji yadondoke polepole, mara moja kwa wiki. Maji ya kusuuzia nguo yanafaa. Tandaza nyasi kavu kuzunguka shina bila kuligusa. Mwaka wa pili, kama hakuna mvua, mwagilia kila baada ya wiki mbili. Baadaye uache ujitafutie.

Upande gani? Magharibi mwa nyumba. Hapa kwetu karibu na ikweta jua la mchana hupita karibu utosini. Linalochoma ukuta wa chumba cha kulala ni la alasiri. Lakini mukinduri unaweza kupita mita 30, kwa hiyo uwe mbali na nyaya za umeme na shimo la maji taka. Kwenye ploti ya futi 40 kwa 80, mmoja unatosha kabisa. Mimi ningeelewana na jirani tuupande mpakani, tugawane kivuli.

Ndugu zetu wa Embakasi, ule udongo wenu mweusi unaopasuka kiangazi na kutuama maji masika, mimi ningeupa mgunga wa gome la manjano. Una miiba, lakini unaupenda udongo huo.

Miche iko nje, nyuma ya tangi. Chukueni ile mifupi. Msipande leo, iwekeni kivulini, mchimbe mashimo mapema, mvua ya masika ikilowesha ardhi vizuri ndipo mpande.