Ukili wa Mama: Mhadhara wa Ufunguzi wa Maonyesho, Tanga

Asalaam alaykum. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Vijana mliobaki kwenye ngazi, karibuni ndani, nafasi bado ipo.

Tangu tulipobandika matangazo ya maonyesho haya ya kazi za mikono ya mama yangu na maradhi yake ya kusahau, kila nikipita mitaa yetu ya Ngamiani naulizwa: "Mbona picha ya mama haipo?" Ni kweli, haipo. Zungukeni ukumbi mzima, hamtaona sura yake, ya kuchora wala ya kamera. Marehemu mama alikuwa mtu wa kujisitiri. Hata akitumwa chumvi duka la jirani, ushungi kwanza. Maradhi ya kusahau yalipomzidi akawa anatoka chumbani hana nguo, na kazi yangu ikawa kumwahi na kanga. Sasa nimwahi na kanga miaka yote ile, halafu leo nimtundike ukutani watu waje kumtazama?

Halafu kuna jambo jingine. Wachoraji wengi wakiyagusa maradhi haya, ambayo hospitalini wanayaita dimenshia, huchora uso unaofifia, macho hayapo, mdomo umeyeyuka. Mimi picha hizo zimenichosha. Zinasema mtu ameshaondoka, limebaki ganda. Mama hakuondoka. Siku moja aliniita, "Dada!" akidhani mimi ni dada yake mkubwa. Nikaitika, "Labeka." Akanikazia macho: "Dada mkubwa gani anamwitikia mdogo wake labeka?" Jina langu limempotea, uzazi wangu umempotea, lakini adabu za kuitikiana zote ziko mahali pake. Hapo aliyefifia nani?

Yupo mmoja ninayemvulia kofia: William Utermohlen, mchoraji wa Kimarekani aliyeishi London. Mwaka 1995 aliambiwa ana ugonjwa wa Alzheimer, mojawapo ya maradhi yanayoleta dimenshia, naye akaendelea kujichora uso wake kwa miaka kadhaa, mistari ikilegea, jicho likihama, mpaka picha za mwisho unatafuta kichwa kiko wapi. Alifariki 2007. Lakini yule alishika brashi mwenyewe. Sura yake, ruhusa yake. Mama yangu hakuwahi kuniambia, "Nichore."

Alichokitoa nje kwa hiari yake ni ukili. Huo aliupeleka Soko la Mgandini mwenyewe, akaunadi, akagombana na wateja juu ya bei. Kwa hiyo ndio niliotundika.

Kwa nyinyi mliokulia kwenye mazulia: mkeka hausukwi mzima. Unachana miyaa, yaani majani ya kusukia, mingine unaichemsha na rangi, unasuka ukanda mrefu, huo ndio ukili, halafu kanda zinashonwa ubavu kwa ubavu. Ukanda unaoanzia pale mlangoni na kuzunguka kuta zote ni kazi ya mama tangu alipokuwa mzima hadi mikono ilipoacha. Alipenda kuuliza kila mara amefikisha pima ngapi, basi nikawa nafunga kila bunda na kikaratasi chenye mwezi na mwaka, nimwonyeshe asibishane na mimi. Vikaratasi hivyo ndivyo vilivyoniwezesha kuupanga kwa kufuatana.

Tembeeni nao taratibu. Pale mwanzo kingo zimenyooka, nakshi nyekundu na zambarau zinarudi kila baada ya hatua ileile. Mkifika usawa wa dirisha la pili, nakshi inaruka mara moja, kisha inajirekebisha. Wakati huo alikuwa ameshaanza kuweka sukari kwenye mchuzi na sisi tunacheka, tunasema uzee. Mbele kidogo rangi hazina mpango tena, lakini angalieni kingo: bado zimenyooka! Mwanamke huyu hajui leo ni siku gani, hajui kama amekula, na kidole chake kinajua jani lipi lipite juu. Wataalamu wanaeleza kwamba Alzheimer huanza mapema kuharibu hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya, ndiyo maana ya asubuhi yanapotea na ya utotoni yanabaki. Ujuzi wa mikono unakaa kwingine, na mara nyingi hudumu zaidi. Mimi niliuona ukidumu mpaka ule ukuta wa mwisho, ambako kingo nazo zinaachia, ukili unakuwa kamba ya kusokota, kisha miyaa mitupu iliyofungwa fundo. Kile kipande cha fundo alinipa akisema nikamuuzie. Nikamletea hela. Akazihesabu, akaniambia nimepunjwa.

Chini pale nimetandika mkeka wenye duara jeusi katikati. Ulisukwa na yeye mwenyewe na ulikaa sebuleni miaka mingi. Ghafla akawa haukanyagi, anauzunguka kwa kushika ukuta. Tukadhani vituko. Jirani mmoja akasema wazi kwamba mkeka umefanyiwa kitu. Maradhi haya yanavuruga namna ubongo unavyosoma kile jicho linachoona, na doa jeusi sakafuni linaweza kuonekana shimo. Mama alikuwa anakwepa kisima. Tulipoukunja mkeka, mganga hakuhitajika. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu katika nchi hii wapo vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, na bibi anayezungumza peke yake usiku na kutangatanga uani anaweza kutuhumiwa kwa wepesi sana.

Mlango mwekundu sasa. Ndiyo, ni mlango wa choo chetu, nimeung'oa nyumbani nikauleta. Mama alikuwa hauoni ulipokuwa na rangi ya ukuta, basi nikaupaka ile rangi ya mafuta ya kung'aa, ya kupakia baiskeli. Sikubuni: mchoraji Edward Saidi Tingatinga alianza kuchorea rangi za namna hiyo Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na Tanga kwa baiskeli hatuhitaji kufundishwa. Siku ya pili mama alikwenda chooni mwenyewe. Katika kazi zangu zote, huu ndio mchoro uliomsaidia mtu.

Kitambaa kilichoshonwa nyuzi za buluu ni ramani ya matembezi yetu. Kila ikikaribia magharibi alianza kuhangaika: "Nirudisheni kwetu." Yuko kwake, na kwao anataka. Kumbishia kulimwongezea hasira. Tukawa tunavaa viatu, tunatoka, tunakata barabara moja ya Ngamiani, tunarudi kwa barabara inayofuata, tunabisha hodi kwenye mlango wetu wenyewe, na dada yangu anatukaribisha. "Ahsanteni, nimefika," anasema mama.

Kaka zetu walituma hela kwa simu, wala siwalaumu, zilinunua dawa na sabuni. Lakini hela haimwogeshi mtu. Natamani wanaume waliopo leo wasimame muda mrefu zaidi kwenye ile meza yenye beseni na kata kuliko kwenye ukili, ingawa ukili ndio mzuri.

Msidhani haya ni ya nyumba moja. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimenshia, zaidi ya asilimia 60 wakiwa nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa kwetu, utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa 2013 ulikuta asilimia 6.4 miongoni mwa wenye miaka 70 na zaidi. Dawa ya kuyaponya maradhi yenyewe haijapatikana, ila si kila kusahau ni dimenshia: upungufu wa vitamini B12 au matatizo ya tezi ya shingo hutibika. Mzee akichanganyikiwa ghafla ndani ya siku mbili tatu, mkimbizeni hospitali, huenda ni maambukizi. Na shinikizo la damu lisilotibiwa ni mojawapo ya mambo yanayoongeza hatari.

Kwa hilo, muuguzi yuko meza ya kulia, anapima presha bure. Mambo ya bei: milango na vitambaa tutaelewana, ukili hauuzwi, na ruhusa kuushika. Maswali tuanze na akina mama, maana akina baba wakishika kipaza sauti adhana itatukuta papa hapa.