Ta 152: Iliundwa kwa Mita 12,000, Ikapigana Juu ya Miti

Kila nikizungumzia Ta 152, ndege ya kivita ya Ujerumani ya Vita Kuu ya Pili, hakosekani mtu wa kunitajia mwendo wake wa kilomita 755 kwa saa. Nami humwuliza: kwenye kimo gani? Swali hilo sichoki kuliuliza, na leo nalirudia.

Mwendo ule ni wa juu ya mita 12,000. Huko hewa ni kama robo tu ya hii tunayovuta hapa chini. Injini ni moto, na moto ukikosa hewa hufifia. Kwa hiyo Kurt Tank, mbunifu wake wa kampuni ya ndege ya Focke-Wulf, aliifunga injini ya Jumo 213E, yenye supachaja, yaani pampu ya hewa, ya hatua mbili na kasi tatu, iishindilie hewa. Akaongeza na tangi la nitrasi oksaidi, gesi inayobeba oksijeni, ya kuusaidia moto pale supachaja inapoelemewa. Katika toleo la H mabawa aliyarefusha yakafika mita 14.44 ncha kwa ncha, kwa kuwa hewa nyembamba haikubali kubeba ndege ya mabawa mafupi. Chumba cha rubani kikazibwa na kujazwa hewa. Kila kitu kililenga juu!

Sasa tazameni ilikopigana. Tarehe 14 Aprili 1945, karibu na mji wa Ludwigslust, Ujerumani, Ta 152 tatu za kikosi cha JG 301 zilikutana na Tempest, ndege za kivita za Kiingereza, za skwadroni 486 ya New Zealand, zilizokuwa zikishambulia reli. Pambano lote likawa chini kabisa. Willi Reschke, rubani wa Ta 152 mojawapo, alikaza kona, akakaza tena, mpaka akaiangusha Tempest moja. Mwenzake Sattler alianguka akafa.

Mtaniambia: si ilishinda hata chini? Ilishinda, sikatai. Lakini supachaja yote ile, gesi yote ile, ilikuwa mzigo tu pale juu ya miti. Na hata B-17, ndege za mabomu za Marekani ilizopaswa kuzizuia, zilikuwa zikija kwa mita 7,000 au 8,000 hivi. Wajerumani walihofia B-29, za mabomu pia ila za kuruka juu zaidi, nazo zilipelekwa kupigana na Japani. Ujerumani hazikuishambulia hata siku moja.

Nilitaka kueleza uhaba wa petroli na kiwanda cha Cottbus zilikoundwa ndege hizi, ila muda umekwisha. Zilizoundwa hazikufika mia. Iliyobaki duniani ni moja, iko makumbusho ya Smithsonian, Marekani. Haya, ndugu uliyenyoosha mkono kule nyuma, uliza.