Asferiki Ina Gharama Yake

Ndugu zangu wapiga picha wa Dodoma, hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia: acheni kununua lenzi kwa sababu tu muuzaji kasema ina asferiki, yaani kioo ambacho mbinuko wake si wa tufe. Mwulizeni kioo hicho kimetengenezwaje.

Faida naikubali. Kioo cha kawaida ni kipande cha tufe. Miale ya pembeni hukutana karibu na kioo kuliko ya katikati, hivyo ukifungua yote apacha, yaani tundu la kupitishia mwanga, picha hukosa ukali. Asferiki hurekebisha hilo. Kioo kimoja cha asferiki huweza kufanya kazi ya viwili au vitatu, na lenzi ikapungua uzito. Noctilux, lenzi ya kampuni ya Leica ya mwaka 1966, milimita 50 kwa f/1.2 (namba ya f ikiwa ndogo, apacha iko wazi zaidi), nyuso zake za asferiki zilisagwa kwa kazi ya mkono, na bei yake ilikuwa juu mno.

Siku hizi vingi hulainishwa kwa moto na kugandamizwa kwenye kalibu. Shida inaanzia hapo. Kalibu huchongwa ikizunguka, na ncha ya kuchongea huacha mistari ya duara midogo kiasi kwamba jicho haliioni. Kioo kinainakili yote.

Sasa nenda ukumbini Jumamosi. Bibi harusi yuko mbele, nyuma yake pazia la taa ndogondogo za mapambo. Piga kwa f/1.4, kisha kuza picha kwenye kompyuta. Kila taa imekuwa duara, na ndani ya duara pete juu ya pete, kama kitunguu kilichokatwa: ndiyo ile mistari ya kalibu. Utazifuta moja moja, albamu nzima?

Utaniambia mteja haoni. Anaona! Hajui tu kuieleza; atakwambia nyuma pana uchafu.

Wala sisemi mrudi kwenye lenzi za kizamani. Anayepiga nyota kule Kondoa anaihitaji asferiki, maana bila hiyo nyota za pembeni hutanuka na kuharibika umbo. Lakini wewe unayepiga picha za pasipoti kwa f/8, apacha ikiwa ndogo, unalipia nini?

Halafu kuna suala la lenzi kuanguka: kioo hicho kikihama kidogo tu, upande mmoja wa picha unafifia. Za simu, ambazo ni plastiki, tuziache, muda hautoshi.

Kabla hujalipa, piga taa moja ikiwa nje ya fokasi, ikuze, tazama kama ina pete. Balbu iko mezani hapa. Mwenye lenzi yake aje mbele tuipime.