Mshumaa wa Glasi kwa Mafuta ya Nazi, Bila Parafini

Karibu, ndugu mtazamaji. Leo tunatengeneza mshumaa usio na parafini, yaani ile nta nyeupe itokanayo na mafuta ghafi ya petroli. Walio Kenya wasidhani ninasema mafuta ya taa.

Chupa ya mafuta ya nazi iliyoganda Iringa mwezi wa Juni ikifika Tanga hugeuka maji, kwa sababu mafuta hayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, ilhali parafini ya mishumaa ya kawaida hustahimili hadi 50 na zaidi. Hayafai peke yake, basi tunayatia mfupa: asidi ya stiariki, zile punje nyeupe wanazonunua watengenezaji wa sabuni na losheni, ambazo huyeyuka karibu na nyuzi 69. Muulize muuzaji kama imetokana na mawese, maana nyingine hutokana na mafuta ya ng'ombe.

Pima kwa mizani gramu 100 za asidi na gramu 100 za mafuta ya nazi. Ikiwa mafuta yako yamepikwa nyumbani kwa tui, yapashe kwanza peke yake kwa moto mdogo mpaka yaache kutatarika, kwani maji yaliyobaki ndani yake ndiyo yatakayoufanya utambi urushe cheche.

Weka mchanganyiko katika bakuli la chuma kisichoshika kutu, kisha uliweke bakuli hilo juu ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole. Usitumie chombo cha shaba: asidi hii huila shaba, na nta yako itatoka na rangi ya kijani usiyoitaka. Usiondoke jikoni, na yakishika moto, zima jiko ufunike kwa mfuniko. Usimwage maji kamwe.

Wakati yanayeyuka, chovya utambi wa pamba uliosukwa ndani ya mchanganyiko huo, uunyooshe, uuache ukauke. Mafuta ya mimea kwa kawaida hudai utambi mnene kuliko ule uliozoea kuutumia kwa parafini, na hapa ndipo wengi hukosea, wakabadilisha nta na kuuacha utambi uleule. Gandisha ncha yake katikati ya kitako cha glasi nene inayovumilia joto, kisha ubane ncha ya juu kwa kibanio cha nguo kilicholazwa juu ya mdomo wa glasi.

Punje zote zikiisha kuyeyuka, epua, koroga taratibu, na kipimajoto kikionyesha nyuzi 70 hivi, mimina. Tazama kingo: weupe huanzia ukutani na kwenda katikati, na mara nyingi huacha kishimo kando ya utambi. Bakiza mchanganyiko kidogo, uuyeyushe tena na kukijaza. Rangi ya chakula iliyoyeyushwa kwa maji haichanganyiki na mafuta. Itatuama chini kama matone.

Acha siku nzima, kata utambi ubaki nusu sentimita, uwashe, ukae nao saa mbili au tatu. Mwali ukichimba shimo katikati na kuacha nta ukutani, utambi ni mwembamba. Ukitoa moshi na kuota kichwa cheusi kama uyoga, ni mnene mno. Glasi ikiwa moto usioshikika, zima mara moja. Badilisha utambi tu, kisha ujaribu upya kwa glasi ileile kabla hujagusa kipimo cha mafuta.