Chaguo la 21: Maneno ya Shabiki wa Philadelphia mbele ya Watani wa Minnesota

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za jioni. Mwenyekiti amenitambulisha kama mgeni kutoka Philadelphia, na nimesikia mguno kule nyuma. Sawa. Mimi ni shabiki wa Eagles, nimekubali kuja nyumbani kwa Vikings kuzungumzia drafti ya mwaka 2020, jambo ambalo ninyi mkilikumbuka mnacheka, na sisi tukilikumbuka tunaomba maji ya kunywa. Utani naupokea.

Niwaweke sawa kwanza waliofika Marekani majuzi. Drafti ninayoisema si ile ya vizibo vya soda chini ya mwembe. Hii ni siku tatu za mwezi wa Aprili ambapo timu 32 za NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, huchagua wachezaji kutoka vyuo vikuu, raundi saba, na kwa kawaida iliyofanya vibaya zaidi ndiyo hutangulia. Hapa hakuna mambo ya Simba na Yanga kugombea mtu usiku wa manane dirisha la usajili likikaribia kufungwa. Kijana akitajwa, anafunga virago anakwenda. Shabiki anabakiwa na swali moja tu, na hulitafuna tangu Januari: huyu ana nini?

Na hakuna anayebishaniwa kama mdakaji, yule anayechomoka mbio pembeni kuufuata mpira uliorushwa na kwotabeki. Yale mapande ya watu yanayosukumana katikati, nani atakesha kuyabishania? Mdakaji kila mtu kamwona kwenye video fupi akiruka juu ya vichwa vya watu, na kila mtu anaamini macho yake.

Sasa, mwaka 2020. Kijiwe chetu kilikuwa kwa kinyozi, Korona ikakifunga, tukahamia kwenye simu. Hata drafti yenyewe ilifanyika majumbani. Kamishna Roger Goodell alitangaza majina akiwa kwenye chumba cha chini ya ardhi cha nyumba yake mwenyewe. Wadakaji sita walichukuliwa raundi ya kwanza. Henry Ruggs alikwenda Raiders chaguo la 12, Jerry Jeudy akaenda Denver la 15. Sisi kwenye simu tulikuwa tunamwombea CeeDee Lamb wa Oklahoma ashuke hadi kwetu. Alishuka kweli, akaishia la 17, kwa Dallas, mahasimu wetu wakubwa. Mmoja wetu alikata simu, hakurudi hadi kesho yake.

La 21 likafika kwetu: Jalen Reagor, wa chuo cha TCU. La 22 likafika kwenu: Justin Jefferson, wa LSU. Mnacheka. Chekeni, nasubiri.

Kila mtu wa mji wetu leo anakwambia alimtaka Jefferson. Mimi nilikuwepo kwenye ile simu. Tulikuwa saba, na aliyemtaja Jefferson kwa nguvu alikuwa mmoja, tena tulimzima. Hoja tuliyomzimia nayo nitawaeleza, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nikubali mwaliko huu.

Jefferson msimu wa 2019 alidaka mipira 111, yadi 1,540, tachidauni (mabao yao) 18, na LSU ilishinda mechi zake zote 15. Namba za kutisha. Lakini aliyekuwa akimrushia ni Joe Burrow, chaguo la kwanza kabisa la drafti ile ile, na upande wa pili alikuwepo Ja'Marr Chase akiwavuta mabeki. Kwa hiyo tukasema: huyu amebebwa. Tena alicheza zaidi ndani, karibu na katikati, ambako beki hakukabili uso kwa uso mpira unapoanza. Akipelekwa pembeni, ataweza? Reagor kwa upande wake alidaka 43 tu msimu huo, yadi 611. Tukasema: huyu kaangushwa na warushaji wake, mbona 2018 alipita yadi 1,000?

Mnaona tulivyofanya? Namba nzuri tulimpa sifa mrushaji, na namba mbaya tukamtwisha lawama mrushaji. Kudaka ni kazi ya watu wawili, ukitaka kumtoa mmoja kwenye hesabu unaweza kumtoa yeyote umtakaye, na utamtoa yule anayekuharibia ndoto uliyokwisha kuiota. Hakuna saa wala mizani ya kupima hilo. Ndiyo maana mabishano haya hayana mwisho, na ndiyo maana yananoga.

Na ndoto yetu ilikuwa mbio. Tarehe 5 Januari 2020, Seattle walikuja Philadelphia kwenye mechi ya mtoano wakatutoa 17 kwa 9, na kijana wao DK Metcalf akadaka yadi 160. Huyo Metcalf tulimwacha sisi wenyewe kwenye drafti ya mwaka mmoja nyuma. Chaguo la 57 tulimchukua J.J. Arcega-Whiteside wa Stanford, Metcalf akachukuliwa la 64. Wakati ule wadakaji wetu wenye mbio walikuwa majeruhi, mpaka tukawa tunamtegemea Greg Ward, ambaye chuoni alikuwa kwotabeki. Ukitoka kwenye kipigo cha namna hiyo, unakwenda sokoni na kidonda. Angalieni tulichobeba wikiendi ile: Reagor, John Hightower raundi ya tano, Quez Watkins ya sita, na Marquise Goodwin kutoka San Francisco, mtu aliyewahi kuruka kwenye Olimpiki ya London. Wote watu wa mbio.

Kilichonikera mimi binafsi ni saa. Kwenye majaribio ya Indianapolis vijana hukimbizwa yadi 40, kama mita 37. Reagor alitumia sekunde 4.47. Jefferson 4.43. Tulikwenda kutafuta mbio, tukamwacha aliyekimbia zaidi.

Yaliyofuata ni ya kwenu kusimulia. Jefferson mwaka wake wa kwanza alipata yadi 1,400, na 2022 akafika 1,809. Reagor kwa mwaka wa kwanza, 396.

Ila msidhani kipimo kikidharauliwa basi shabiki ndiye mwenye akili. Mwaka 2021 tulipanda hadi chaguo la 10, tena kwa kubadilishana na Dallas hao hao, tukamchukua DeVonta Smith wa Alabama. Alikuwa ametwaa tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo, mdakaji wa kwanza kuipata tangu Desmond Howard mwaka 1991, na bado kwa kinyozi kulikuwa na vita: kijana ana kilo 75, upepo ukivuma atakwenda nao! Mimi nilikuwa upande wa kilo. Februari 2025, kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, alidaka mpira wa yadi 46 ukawa tachidauni, tukawafunga Kansas City 40 kwa 22. Nilimpigia kinyozi kuomba radhi, hakupokea.

Nimalizie na usiku mmoja. Agosti 2022 Reagor aliuzwa, na walionunua ni ninyi. Septemba 19 mkaja kwetu na wote wawili, Reagor na Jefferson, wamevaa jezi za Vikings. Nilikuwa uwanjani. Reagor alizomewa kila alipogusa mpira. Jefferson alikabwa na Darius Slay usiku kucha, akapata yadi 48 tu, tukashinda 24 kwa 7. Tukiwa tunatoka, mzee mmoja aliyevaa jezi ya kijani akanigeukia, uso mkavu kabisa, akasema: "Huyo Jefferson nilisema tangu mwanzo, hana lolote."

Karibuni kwa maswali. Wewe mwenye kofia ya zambarau, keti kwanza, utaitwa mwisho.